Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kununua sarafu za fedha chini ya thamani ya madini yake

Kwa Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni pesa. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa na mkebe wa biskuti wenye vyote viwili: rupia za India, rupia za Mjerumani, reale mbili na shilingi za simba. Watoto tulizichezea bila kujua kwamba tulichoshika kilikuwa kinauzwa kwa gramu mjini. Tangu mkebe ule ulipofunguliwa sijaacha kununua sarafu za fedha, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale. Nimeyajibu hapa, kwa kirefu pale palipo na mambo.

Inawezekanaje sarafu iuzwe kwa bei ndogo kuliko madini yake?

Kwa sababu muuzaji na mnunuzi hawatazami kitu kimoja. Mwenye duka la vitu vya kale anauza kumbukumbu kwa watalii. Bei aliiandika kwenye kikaratasi miaka mitatu iliyopita, fedha imepanda, kikaratasi ni kilekile. Mtu aliyerithi anataka kodi ya nyumba leo, si mwezi ujao. Sonara naye ananunua ili ayeyushe. Lazima atoe gharama ya moto, kinachopotea kwenye kuyeyusha na faida yake, kwa hiyo bei yake ya kununulia haiwezi kufika bei ya soko la dunia. Ukimwahi kabla hajawasha moto, ukampa zaidi kidogo ya kile ambacho angepata, mnafaidika wote wawili.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Bei ya fedha ikiruka ghafla, watu hukimbilia kuuza kwa pamoja. Viwanda vya kusafisha madini hujaa kazi, malipo huchelewa, na wafanyabiashara huogopa kukaa na mzigo ambao bei yake inaweza kushuka wiki ijayo. Hapo sarafu za zamani zilizochakaa huuzwa chini ya madini yake hata kwenye maduka makubwa ya nje. Kwa hiyo usidhani nafuu inapatikana bei ikiwa imelala tu. Mara nyingi inapatikana zile wiki ambazo kila mtu anaizungumzia fedha.

Nitajuaje thamani ya madini ya sarafu niliyoishika?

Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa usafi (yaani sehemu ya sarafu ambayo ni fedha tupu), kisha zidisha kwa bei ya gramu moja. Bei ya dunia hutangazwa kwa wakia ya troy, yaani gramu 31.1035, si ile wakia ya gramu 28.35 inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Hapo ndipo wanaoanza wanapokosea. Gawanya bei ya wakia kwa 31.1, umepata bei ya gramu.

Ushauri wangu ni huu: usikariri bei, kariri gramu safi. Bei inabadilika kila siku ya kazi, gramu safi za sarafu hazibadiliki. Rupia ya India ina gramu 11.66 na usafi wa 0.917, hivyo fedha safi ni gramu 10.69. Wakia ikiwa dola 31.10, gramu ni dola 1, na rupia ina madini ya dola 10.69. Wakia ikiwa dola 62.20, zidisha mara mbili. Ukiwa na tarakimu nane au tisa za aina hii kichwani, utajibu bei dukani bila kutoa simu mfukoni. Muuzaji akikuona umetoa simu, bei inapanda.

Wanaokaa karibu na masonara wana njia ya mkato. Rupia ilitengenezwa kwa uzito wa tola moja, kipimo cha Kihindi cha uzito, na mizani za masonara wengi wa Pwani bado zinazungumza kwa tola. Ukiuliza bei ya tola ya fedha safi, kata kama asilimia 8, umeipata rupia.

Jambo moja la kukumbuka: sarafu husagika. Rupia iliyopita mikononi mwa watu miaka hamsini inaweza kuwa na gramu 11.4 tu. Ipime, usiamini tarakimu za kitabuni.

Sarafu zipi zilizotumika kwetu zina fedha?

Tuanze na reale ya Maria Theresa. Malkia huyu wa Austria alifariki 1780, na mwaka huo ndio uliobaki kwenye sarafu hadi leo. Ilipigwa Vienna, baadaye ikapigwa pia Rome, London, Bombay na kwingine, zote zikiandikwa 1780. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu “ina zaidi ya miaka mia mbili”. Uzito wake ni gramu 28.07, usafi 0.833, fedha safi gramu 23.39. Ndiyo iliyonunua karafuu na pembe hapa Pwani, kahawa Uhabeshi na tende Omani.

Rupia za India zilizotumika Zanzibar, Mombasa na bara zina usafi wa 0.917 hadi zile za 1939. Za 1940 hadi 1945 ni nusu fedha, yaani gramu 5.83 tu safi. Baada ya hapo ni nikeli. Mwaka mmoja unatenganisha gramu karibu tano, na bado nakuta zote zimewekwa kwenye bakuli moja kwa bei moja. Ukikuta bakuli kama hilo, keti chini usome miaka.

Rupia za Mjerumani, za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890 na za serikali kuanzia 1904, zina uzito na usafi uleule wa rupia ya India. Nusu rupia na robo rupia nazo ni fedha. Heller, zile mia zilizofanya rupia moja na kutuachia neno hela, hazina fedha hata chembe.

Shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki ya enzi za mkoloni, ndiyo inayowadanganya watu wengi. Za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha: gramu 7.78 kwa uzito, gramu 1.94 safi. Sumuni ya miaka hiyo ina gramu 0.97. Kuanzia 1948 simba ni yuleyule, milima nyuma yake ni ileile, fedha hakuna.

Sababu ya robo hiyo inahusu mada yetu moja kwa moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha ilipanda mpaka peni 89 na nusu kwa wakia London, Februari 1920. Rupia iliyokuwa ikihesabiwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza ikavuka shilingi 2. Wenye madeni ya rupia Kenya walilia, biashara ikavurugika, na serikali ya kikoloni ikahamia kwenye florini ya 1920 yenye nusu fedha (gramu 5.83 safi), kisha kwenye shilingi ya 1921. Uingereza kwao walishusha usafi kutoka 0.925 hadi 0.5 mwaka huohuo wa 1920. Kila mara madini yanapoishinda thamani iliyoandikwa kwenye sarafu, serikali hupunguza fedha. Ndiyo maana mwaka ndio kitu cha kwanza kusoma, kabla ya picha na kabla ya bei.

Nina ndugu Ulaya na Marekani. Watafute nini?

Walioko Ujerumani watafute sarafu za ukumbusho za euro 10 za 2002 hadi 2010: gramu 18, usafi 0.925, gramu 16.65 safi. Bado ni pesa halali huko, kwa hiyo haziwezi kushuka chini ya euro 10, na wazee wengi huzirudisha benki kwa bei hiyo bila kupiga hesabu. Mark 10 za Olimpiki ya Munich ya 1972 zina gramu 9.69 safi, na benki kuu ya huko huzibadilisha kwa euro 5.11. Za euro 10 za kawaida kuanzia 2011 hazina fedha. Waliacha kuitia kwa sababu bei ya fedha ilipanda mno.

Uingereza kanuni ni nyepesi: kabla ya 1920 usafi 0.925, 1920 hadi 1946 nusu, kuanzia 1947 hakuna. Uswisi, faranga 5 za kuanzia 1931 hadi 1967 zina gramu 12.5 safi.

Marekani, senti 10, senti 25 na nusu dola za 1964 na kurudi nyuma zina usafi wa 0.900. Robo dola moja ni gramu 5.63 safi. Nusu dola za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40, gramu 4.6, na hizo ndizo zinazosahaulika. Wapo wanaoomba benki mikebe ya nusu dola kwa thamani iliyoandikwa, wanachambua usiku, asubuhi wanarudisha zilizobaki. Siku nyingi hawapati kitu, lakini hawajapoteza kitu pia zaidi ya usingizi.

Hapa kwetu nitafute wapi?

Kwa masonara kwanza, na hasa wale wazee. Nilimkuta mmoja Tanga ana rupia kumi na moja ndani ya kikopo cha dawa ya viatu, nyeusi kama makaa, Malkia Victoria na mfalme wamelaliana.

“Shikamoo mzee. Hizi zinakwenda motoni?”

“Marahaba mwanangu. Jumamosi, inshallah. Nina bangili za bibi harusi.”

Tulizimwaga kwenye mizani: gramu 126.4. Yeye fedha yoyote kuukuu huihesabu kama usafi wa 0.8, kwa sababu mikufu na bangili anazoletewa zimechanganywa. Kwa hesabu yake palikuwa na gramu 101 safi. Kwa hesabu yangu, rupia zote zikiwa za kabla ya 1940, palikuwa na karibu 116. Nilimwambia wazi kwamba rupia ni 0.917. Akasema anajua, ila moto wake haulipwi na mtu. Tukakubaliana nimlipe kwa gramu 105 safi. Yeye alipata zaidi ya alichotarajia, mimi nikapata gramu 11 juu, uzito wa rupia nzima. Jumamosi alinunua fedha nyingine ya bangili. Mpaka leo akipata rupia hunipigia simu kabla hajakoka moto.

Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe Zanzibar na Mji wa Kale Mombasa yanafaa, lakini nenda msimu wa mvua watalii wakiwa wachache, na tazama vikaratasi vya bei vilivyofifia wino. Omani, soko la Mutrah, reale ni nyingi. Bei ya kwanza ni ya mgeni, salimu kwanza, kunywa kahawa, ndipo uulize. Minada ya vitu vya ndani ya nyumba nayo huwa na kopo la “vichenji” ambalo hakuna aliyelichambua.

Reale zenye kitanzi au tundu, ninunue?

Kwa mtu anayetafuta madini, hizo ndizo nzuri kuliko zote. Wakusanyaji hawazitaki, kwa hiyo bei yake huanguka chini ya nzima. Nyingi zilikuwa vidani vya akina mama. Tatizo ni lehemu ya kitanzi: haina usafi wa sarafu, na wakati mwingine ni risasi tupu. Pima, toa gramu 2 au 3 za kitanzi, ndipo upige hesabu. Tundu tupu halina shida, mizani itasema kilichobaki.

Nitajuaje kwamba si bandia?

Niliwahi kununua reale sita kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa Pwani, jioni, taa ikiwa hafifu, mizani nimeiacha nyumbani. Mbili zilikuwa shaba nyeupe iliyopakwa fedha. Nilizishika moja moja kiganjani na sikuhisi kitu. Nyumbani zilisoma gramu 24, ukingo wake ukiwa laini na mstari mwembamba wa kuunganishia pande mbili. Nilirudi asubuhi, akakana kwamba aliniuzia yeye. Ilinichoma sana. Tangu siku ile sinunui bila mizani, hata kwa ndugu.

Reale ya kweli ina maandishi yaliyoinuka ukingoni, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na herufi S.F. chini ya kifua cha malkia. Kipenyo ni kama milimita 40. Pitisha sumaku kali ndogo juu yake ukiwa umeiinamisha: fedha haishikwi na sumaku, ila sumaku huteleza polepole kama imepita kwenye asali. Ikinata, rudisha. Ikiporomoka kama kwenye kioo, shuku.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Reale inapaswa kusoma karibu 2.75, rupia karibu 1.13. Sarafu ya shaba na nikeli yenye uzito wa reale itasoma zaidi ya 3.1. Mghushi anaweza kuiga picha na uzito, lakini kughushi uzito na ujazo kwa pamoja kwa madini ya bei rahisi ni kazi ngumu.

Usikubali sonara aikwangue ili adondoshee asidi kwenye uso wa sarafu. Alama haifutiki.

Kitu kingine: “fedha ya Kijerumani” haina fedha. Ni shaba, zinki na nikeli. Vijiko na sinia zake ni nyingi, na medali zake huuzwa kama sarafu.

Sarafu mpya za wakia moja zinazouzwa mtandaoni kwa nusu bei je?

Bandia. Sarafu mpya za wakia kama Maple Leaf ya Kanada au Britannia ya Uingereza huuzwa juu ya bei ya madini, kwa sababu kuna gharama ya kuzipiga na kuzisambaza. Hakuna anayezitupa kwa nusu. Nafuu ya kweli mtandaoni ni mafungu ya sarafu mchanganyiko ambayo muuzaji ameyapiga picha vibaya: kuza picha, soma miaka, hesabu gramu. Kisha jumlisha posta na ushuru kabla hujafurahi. Nimeona fungu lililokuwa asilimia 20 chini ya madini likafika mlangoni likiwa asilimia 10 juu.

Nizisafishe?

Hapana. Weusi si uchafu, ni ngozi ya fedha iliyokutana na hewa. Majivu, limau na dawa ya meno hukwangua madini na kuharibu bei ya mkusanyaji. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini kwa vumbi, kausha kwa kitambaa cha pamba, basi.

Ipo sarafu ambayo haipaswi kuuzwa kwa uzito?

Ipo, na inaniuma kila nikisikia imeyeyushwa. Reale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ni adimu mno, thamani yake ni mara nyingi ya madini. Rupia ya Mombasa ya 1888 ya kampuni ya Waingereza, na rupia mbili za Mjerumani za 1893 na 1894, nazo zisipite motoni. Kabla hujauza kwa uzito, panga kila sarafu kwa nchi na mwaka, tafuta zile ambazo hujawahi kuziona.

Muuzaji hajui alichonacho. Nimwambie?

Kwa mfanyabiashara aliyeandika bei yake mwenyewe, mnunulie kwa bei hiyo, ni kazi yake kujua. Kwa bibi aliyefungua kanga yake akatoa reale nne ili apeleke mtoto hospitali, mwambie gramu zake mbele ya mizani, umpe bei ambayo usingeona haya ikisikika msikitini au kanisani. Punguzo langu kwa watu kama hao halizidi asilimia 5. Wanaofanya kinyume hupata sarafu nne, mimi mtaa mzima huniletea.

Nikitaka kuuza nitapata bei kamili ya madini?

Mara chache. Sonara atakata, mfanyabiashara atakata, na makato ya asilimia 10 hadi 20 ni ya kawaida hapa kwetu. Hapa ndipo hesabu za watu wengi zinapovunjika: amenunua asilimia 5 chini ya madini, anauza asilimia 15 chini, kisha anashangaa. Kabla hujanunua, jua utamuuzia nani. Kama huna mtu, basi nafuu yako lazima iwe kubwa zaidi ya makato, au uwe tayari kukaa nazo miaka.

Nimechimba msingi wa nyumba nimekuta chungu cha sarafu. Ni changu?

Simamisha uchimbaji na utoe taarifa. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inahusu vya kabla ya 1895. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 za karibu miaka elfu iliyopita, zikatufundisha habari za watawala ambao hatukuwajua. Kama zingeyeyushwa zingetoa bangili chache tu.

Nianze na nini?

Mizani inayosoma gramu 0.01, sumaku kali, glasi ya maji, uzi. Sarafu ya kwanza iwe rupia ya India ya Mfalme George wa Tano, kwa kuwa ni nyingi, hazighushiwi kama reale, na mwaka unasomeka upesi. Nunua moja, ipime kavu, ipime majini, andika tarakimu zote mbili kwenye daftari. Ukifika rupia ya kumi utakuwa unaikisia gramu zake kabla hujaiweka kwenye mizani.